Ugavana wa Mombasa: madai matano tusiyameze tena

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Kila msimu wa kampeni Mombasa hupewa ahadi zile zile, na kila mara mpiga kura ndiye hubaki na hasara. Nayajibu hapa madai matano, moja baada ya jingine, kwa sababu ugavana ni kazi yenye mipaka. Asiyeijua mipaka hiyo hawezi kumdai gavana haki yake.

Dai la kwanza: "Nichagueni, niirudishe bandari."

Gavana hana uwezo huo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti feri na bandari, lakini si udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa; bandari ya Mombasa yenyewe huendeshwa na shirika la serikali ya kitaifa, na hata feri ya Likoni haiko chini ya kaunti. Serikali ya kitaifa ilipoamuru mizigo ipelekwe bara kwa reli ya SGR, madereva wa malori, makuli na wenye mabohari waliumia, na kaunti haikuweza kuitengua amri ile. Aliyetangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa ni Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba 2022. Gavana anaweza kulalamika, kushinikiza, hata kwenda mahakamani. Kuamuru hawezi.

Dai la pili: "Nitawamaliza vijana wa mapanga."

Polisi hupokea amri kwa Inspekta Jenerali, si kwa gavana. Lakini taa za barabarani ni kazi ya kaunti, na vyuo vya ufundi vya mitaani pia. Mgombea anayejali usalama wetu atuambie ni mitaa gani itapata taa, na ni vijana wangapi watafunzwa kazi kila mwaka.

Dai la tatu: "Hospitali hazina dawa kwa sababu Nairobi imetubana."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linamwondolea gavana mzigo ulio wake hasa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko mikononi mwake: yeye na serikali yake ndio huajiri wauguzi, huagiza dawa na huamua fungu la afya katika bajeti. Mama mjamzito anafika na uchungu, anaandikiwa karatasi, na mumewe anatumwa duka la dawa lililo nje ya lango akanunue glavu, pamba na sindano. Karatasi ile ni hesabu ya kaunti, na kaunti ndiyo ya kuijibu.

Ni kweli kwamba fedha za Hazina ya Kitaifa huchelewa, na kaunti zina haki ya kulalamika. Lakini kaunti pia hukusanya zake: ada za maegesho, leseni za biashara, kodi za viwanja, ushuru wa masoko. Atakayetaja Nairobi atuonyeshe kwanza hizo zimetumikaje.

Dai la nne: "Gavana asiye wa chama cha rais atatukosesha maendeleo."

Fedha za kaunti si zawadi ya rais. Kifungu cha 203 cha Katiba kinataka kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, nayo Seneti ndiyo huamua kigezo cha kugawana. Hassan Joho alichaguliwa gavana 2013 na 2017 kwa tiketi ya ODM, mara zote mbili chama chake kikishindwa urais, na mgao wa Mombasa haukufutwa. Urafiki na Ikulu unaweza kusaidia katika miradi ya kitaifa. Mgao, hata hivyo, ni haki yetu kisheria, na mtu asituuzie kilicho chetu.

Dai la tano: "Mshindi ameshajulikana, kura yako ni bure."

Tuangalie 2022. Kura ya ugavana ya Mombasa iliahirishwa kutoka 9 hadi 29 Agosti kwa sababu ya makosa ya picha za wagombea kwenye karatasi za kura. Abdulswamad Nassir alitangazwa mshindi kwa kura 119,083, katika kaunti yenye wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya 600,000. Yaani aliyeshika kaunti alichaguliwa na chini ya mmoja kati ya watano. Wala hakuna duru ya pili: Katiba humpa ugavana mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata asipofika nusu. Waliobaki nyumbani wangeweza kuyageuza matokeo yale mara kadhaa.

Basi anayekuja kuomba kura aulizwe yaliyo yake. Dawa zimetengewa shilingi ngapi? Taka za Kongowea zitazolewa siku gani, na nani? Mifereji itapata lini maji? Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na sheria inatupa nafasi ya kutoa maoni, kwa hivyo tusingoje 2027 ndipo tuanze kuuliza. Akijibu kwa bandari na polisi, ama hajaisoma kazi anayoiomba, ama ameisoma na anadhani sisi hatujui. Kwa vyovyote vile, hastahili kura zetu.