Darasa la Kwanza Halihitaji Kishikwambi

Ukitaka kupigiwa makofi kwenye kikao cha wadau wa elimu, Mpanda au kwingineko, simama useme watoto wa darasa la kwanza wapewe vishikwambi. Nani atakupinga? Mkoa wetu wa Katavi uko pembezoni, walimu hawatoshi, vitabu vinagombewa. Basi chombo kimoja cha kubonyeza kitaleta mwalimu na kitabu kwa mpigo. Anayehoji huonekana adui wa maendeleo. Mimi nahoji. Kwa darasa la kwanza na la pili la Katavi, kishikwambi mkononi mwa mtoto ni pesa iliyopotea njia.

Tazama kwanza idadi yetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu, uliokuwa ndiyo kwanza umemegwa kutoka Rukwa. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, hakuna mkoa mwingine nchini uliotufikia. Watoto wa watu hao wanaingia darasa la kwanza, na kwa kuwa elimu ya msingi ni bila ada, mzazi hana sababu ya kumwacha mtoto nyumbani kwa kukosa ada. Sasa tufanye darasa lina watoto 100 na mfadhili kaleta vishikwambi kumi. Kipindi ni dakika 30. Kila mtoto anapata dakika tatu, ukisahau muda wa kugawa, kuwasha, kunyang'anyana na kukusanya. Bado hujauliza vitachajiwa wapi, na usiku vitalala wapi.

Lakini tuseme vimepatikana 100, na umeme upo. Hapo ndipo ninapogoma zaidi. Kazi ya madarasa haya ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. K moja basi ni kuandika. Mtoto wa miaka sita anapaswa kuizoesha mikono yake penseli: kuishika, kuibana, kuvunja ncha, kuichonga, kuanza upya. Kupitisha kidole kwenye kioo hakumfundishi hayo. Halafu kuna lugha. Watoto wetu wengi wanatoka kwenye nyumba zinazoongea Kisukuma. Kule Katumba na Mishamo wapo ambao babu zao walikimbia Burundi mwaka 1972 na Kirundi chao hakijafa. Mtoto wa nyumba ya Kisukuma akisoma "kula" palipoandikwa "kura", mwalimu anajua papo hapo kosa limetoka wapi. Anamrudisha, anamwuliza, anamtania kidogo, darasa linacheka, mtoto anarudia. Kiswahili hujifunzwa kwa kujibizana, na mashine iliyopakiwa masomo ya wote haimjui huyu.

Watetezi wa vishikwambi watanitajia Tanga. Ni haki yao. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa huo, watoto wakavitumia kwa miezi 15, na Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa, sibishi. Ila wanaoyahubiri hupenda kuruka sentensi moja: takriban robo tatu ya watoto hao hawakuwahi kuingia shule. Kishikwambi kilishindana na patupu. Na hata hapo, nusu walibaki pale pale.

Pale ambapo mwalimu yupo, hesabu hubadilika. Kisumu, Kenya, mtafiti Benjamin Piper na wenzake walijaribu njia tatu: vifaa kwa maofisa wanaowalea walimu, kwa walimu wenyewe, na kwa wanafunzi. Matokeo yao ya 2016 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya njia hizo katika usomaji. Kumbuka huo ndio wakati Serikali ya Kenya ilikuwa inaanza kugawa vifaa vilivyokuja kupita milioni moja, kutimiza ahadi ya kampeni ya 2013. Wakati huohuo mpango wa usomaji wa Tusome, ulioanza 2015 nchini humo, ulimpa kila mtoto kitabu chake, mwalimu kiongozi chake, na kishikwambi ukampa ofisa anayezunguka madarasani kuona mwalimu anafundishaje. Usomaji ukapanda.

Kwetu Tanzania, vishikwambi zaidi ya 200,000 vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viliishia kwa walimu. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, hata kama mwalimu analalamikia bando. Tusiuharibu kwa kuanza kuwapa watoto wa miaka sita.

Yupo mtoto anayestahili kishikwambi Katavi. Ni yule aliye machungani Mpimbwe au Mlele, umri umeshapita, shule iko mbali, na MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, haujamfikia. Huyo ndiye ndugu wa watoto wa Tanga. Basi, waheshimiwa madiwani wa halmashauri zetu tano, mfadhili akija na katoni zake, mwelekezeni huko. Akiuliza darasa la kwanza litapata nini, mwambieni vitabu, penseli, na nyumba ya mwalimu hapohapo shuleni, ili mwalimu aliyepangwa kijijini asianze kuandika barua ya uhamisho wiki anayoripoti.