Bakteria hawatakusafishia sponji uliyoifukia bandani

Swali hili linanijia sana, hasa kutoka kwa nyie vijana mnaofuga kuku wa kienyeji pembezoni mwa jiji la Dodoma: kama bakteria wanaozesha samadi, si watamaliza na sponji za magodoro na maganda ya televisheni? Fukia, mwagia EM, basi. Mimi nasema hapana, na tusibembelezane.

Sponji na plastiki za vifaa vya umeme mara nyingi hutiwa kemikali za kuzuia moto. Nyingi za zamani zina bromini. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia 2004, uliziorodhesha kadhaa kuanzia 2009, lakini vitu vyenyewe bado vimejaa majumbani na kwa mafundi.

Bakteria wa kazi hiyo wapo kweli. Dehalococcoides, kwa mfano, huing'oa bromini moja moja. Ila wanataka unyevu, pasiwe na hewa, na muda mrefu. Sasa udongo wetu wa Bahi au Chamwino mwezi wa Agosti, vumbi tupu, watakaa wapi? Tena wakiishia nusu njia, kinachobaki huweza kuingia mwilini kirahisi kuliko kile cha mwanzo. Anayekuuzia chupa ya wiki mbili, mwombe majibu ya maabara.

Kuku anadonoa udongo, sumu inakaa kwenye mafuta yake, inahamia kwenye kiini cha yai. Ukichoma ndiyo unaongeza dioksini. Kule Agbogbloshie, Accra, walikokuwa wakichoma nyaya, utafiti uliotoka 2019 ulionyesha kwamba mtu mzima akila yai moja la kuku wa pale anavuka kiwango cha siku cha Ulaya mara 220. Na Michigan, Marekani, 1973, kizuia moto kiitwacho PBB kilichanganywa kimakosa kwenye chakula cha mifugo. Ziliteketezwa ng'ombe kama 30,000 na kuku milioni 1.5. Wafugaji wale hawakujua kitu. Nyie mnaambiwa mapema.

Kwa hiyo viota vyenu wekeni nyasi kavu au maranda, siyo sponji chakavu. Majivu ya nyaya msitie bustanini. Na kama jirani yako ni fundi anayechoma nyaya, jenga uzio kuku wasifike kwake, kisha nenda ofisi ya kata ukaseme. Halmashauri ndiyo yenye mamlaka ya kumhamisha, siyo bakteria.