Akiba si mfuko wa pili wa matumizi



Ndugu msomaji, wiki hii tunaingia katika jambo linaloonekana dogo: kuhamisha fedha kutoka akaunti ya akiba kwenda akaunti ya hundi, yaani ile ya matumizi ya kila siku. Zamani jambo hili lilikuwa na safari yake. Mwenye akiba alitoa kitabu cha benki kabatini, akapanda basi, akapanga foleni, akajaza karatasi na kutia saini mbele ya karani. Mara nyingi haja iliyomtoa nyumbani ilikuwa imekwisha kupoa kabla hajafika dirishani. Huduma za fedha kwa simu zilipoanza kuenea Tanzania mwaka 2008, kazi yake kubwa ilikuwa kutumiana fedha. Baadaye mabenki yakaunganisha akaunti zao na simu, na leo mtu aliyelala kitandani saa sita za usiku huhamisha akiba ya mwaka mzima kwa kubonyeza tarakimu chache.

Wepesi huu ni neema. Mgonjwa akizidiwa usiku, au msiba ukitufika siku ambayo benki zimefungwa, tunaujua uzito wake. Lakini ule ugumu wa zamani ulikuwa mlinzi ambaye hakuna aliyemwajiri, na alipoondoka hatukuweka mwingine mahali pake.

Swali la dada yetu

Dada mmoja anayehudhuria darsa ya akina mama ameleta swali kwa maandishi, akaridhia tulijadili bila kumtaja. Yeye na mumewe walikubaliana kuweka akiba ya ada na vifaa vya binti yao anayetarajia kuingia shule ya bweni. Akaunti ni ya mume. Dada huyu hupika vitumbua, naye kila wiki alimkabidhi mumewe shilingi 10,000. Kwa wiki 50 fungu lake lilifika 500,000, na la mume 400,000. Ilipofika siku ya kununua godoro na sare, salio lilikuwa 130,000. Mume hakuficha kitu. Alionyesha simu yake: tairi ya pikipiki, kodi ya nyumba, umeme, mchango wa harusi ya binamu. Kila mara alihamisha kidogo kwa nia ya kurudisha mwisho wa mwezi. Dada anauliza: je, mume wangu amenidhulumu, au ni mimi ninayedai kisicho changu?

Hatumwiti mume huyu mwizi. Hata hivyo, kuruhusiwa kutunza si kuruhusiwa kutumia. Mali ya mke ni ya mke. Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 32, imethibitisha kwamba wanawake wana fungu katika walichokichuma, kama walivyo wanaume. Fedha za vitumbua zilikuwa mkononi mwa mume kwa kazi moja waliyokubaliana; kwa lugha ya fiqhi ziliingia katika hukumu ya amana. Mwenye kutunza amana vizuri, ikipotea bila uzembe wake, hadaiwi. Akiitumia bila idhini, mkono wake hutoka katika kuaminiwa na kuingia katika kudaiwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa mwambao tunayafuata, wanasema hata akirudisha alichotumia, hali ya kuaminiwa hairejei mpaka mwenye mali aridhie upya. Hivyo neno "nitarudisha" si idhini, hata kama nia yake ni njema.

Sasa tufanye hesabu. Zilizotumika ni 770,000. Hata tukichukulia kwamba mume alianza kwa kumaliza fungu lake lote la 400,000, bado 370,000 ni za mkewe, nazo ni deni. Wala hawezi kujitetea kwamba kodi na umeme ni vya nyumba yao wote wawili, kwa kuwa makazi na matumizi ya lazima ya mke na watoto ni wajibu wa mume. Mke akisamehe kwa moyo mkunjufu, hiyo ni hisani na ana malipo kwa Mola wake. Lakini msamaha uombwe, usichukuliwe kuwa umekwisha kutolewa kwa sababu amenyamaza. Na wasiposameheana, deni liandikwe kwa tarehe na kiasi, kama Suratul Baqara, aya ya 282, inavyotuelekeza.

Nafaka ndani ya masuke

Nabii Yusuf (a.s.) alipoishauri Misri juu ya miaka saba ya neema na saba ya ukame, alielekeza kwamba mavuno yaachwe ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Habari hiyo imo katika sura yenye jina lake, aya ya 47. Wafasiri wameeleza kuwa nafaka iliyo ndani ya suke huhifadhika zaidi na wadudu. Tukitafakari, tunaona faida nyingine: nafaka ya namna hiyo haiendi moja kwa moja chunguni. Ni lazima ipurwe, ipepetwe na itwangwe kwanza. Akiba ya kweli huhitaji suke lake, yaani hatua inayompa mwenye nyumba nafasi ya kujiuliza kama haja hii ndiyo iliyokusudiwa.

Suke hilo tunaweza kulitengeneza wenyewe. Kwanza, akaunti ya akiba isiunganishwe na simu inayotumika sokoni. Na ikiwezekana iwe benki nyingine kabisa. Hii ni kinga pia dhidi ya wezi, kwani mwizi aliyepata simu na namba ya siri hufika kwenye akiba kwa mlango ule ule wa matumizi. Pili, benki iagizwe kuhamisha kiasi maalumu kwenda akiba kila siku ya mshahara, ili wepesi wa kuhamisha ututumikie kwa upande wa kuweka. Tatu, fungu la dharura litengwe na fungu la lengo kama ada au Hija. La dharura liwe karibu, la lengo liwe mbali. Nne, fedha za watu wawili zitoke kwa kauli ya watu wawili.

Hili la nne linatuhusu sana sisi wa kamati za misikiti. Muumini aliyetoa kwa ajili ya kupaua paa hakutoa kwa ajili ya bili ya maji. Kuhamisha fedha za ujenzi kwenda akaunti ya matumizi kwa ahadi kwamba makusanyo ya Ijumaa yatafidia ni jambo lile lile alilofanya mume wa dada yetu, tofauti ni kwamba wenye mali ni wengi zaidi na hawapo kikaoni. Waliotoa waulizwe, kauli yao iingie katika kumbukumbu za kikao, na watia saini wasiwe chini ya wawili.

Riba na zaka

Yapo mambo mawili ya kisheria ambayo wahamishaji wa fedha huyasahau. Katika benki za kawaida, akaunti ya akiba huzaa riba. Hivyo kuhamishia fedha huko kunamwingiza Muislamu katika jambo ambalo Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah mwaka 1985, lilitamka kuwa ni haramu. Katika benki za Kiislamu, aghalabu akaunti ya hundi husimama juu ya mkopo usio na faida na akaunti ya akiba juu ya mudharaba, ambako mwenye mali hushiriki faida na hasara. Kuhamisha fedha hapo ni kutoka mkataba mmoja kwenda mwingine, basi uliza namna faida inavyokokotolewa.

La pili ni zaka. Fedha zako ni mali moja hata zikiwa katika akaunti tatu. Zikifikia nisabu, nayo kwa kipimo cha dhahabu ni gramu 85, na zikatimiza mwaka wa mwezi mwandamo, hutolewa asilimia 2.5. Kuzihamisha kutoka akiba kwenda hundi hakukatizi mwaka.

Tunamuomba Allah atubarikie katika riziki zetu na atujaalie kuwa waaminifu kwa wale wanaotuamini, wakiwemo tunaolala nao chini ya paa moja. Wabillahi tawfiq.