WASIWASI SI WOTE JINI, NA VALIUM SI PIPI



Ndugu zangu, mama anatoa salamu ya Adhuhuri, halafu anauliza, "Hivi nimeshaswali?" Watoto wanasema uzee. Shangazi anasema katupiwa kitu. Hakuna anayejiuliza zile Valium alizopewa alipofiwa na mumewe, za wiki chache tu, vipi mwaka wa tatu huu bado anazimeza kila usiku.

Valium, yaani diazepamu, iliingia sokoni 1963. Inatuliza upesi, hilo hatukatai. Lakini yenyewe na dada zake, lorazepamu na alprazolamu, zinatuliza kwa kuupunguza ubongo kasi, na pale panapoandikwa mambo mapya napo panalegea. Ya zamani unayo: harusi yako, sura ulizohifadhi chuoni ukiwa mdogo. Ya leo asubuhi hayakuandikwa. Hospitalini dawa ya ukoo huo huo, midazolamu, hutolewa kabla ya vipimo vya kutisha, na mgonjwa baadaye hakumbuki alichofanyiwa! Mzee ndiye huumia zaidi, maana mwili wake unachelewa kuitoa diazepamu. Inarundikana, anapepesuka, anaanguka usiku akienda kutawadha, nyonga inavunjika.

Sasa wewe mwenye duka la dawa unayeiuza bila cheti, usiniambie "mteja kaomba mwenyewe." Hiyo ni amana uliyopewa, si biashara ya karanga.

Na nyinyi mnaopiga kelele "tupa vidonge, soma dua tu," ogopeni! Aliyeizoea akiikata ghafla anaweza kuanguka kifafa, hata kufa. Huipunguza kidogo kidogo, wiki kwa wiki, wengine miezi, daktari akisimamia. Dua na daktari nani kawagombanisha? Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu.

Na njia nyingine zipo. Ipo tiba ya mazungumzo, mtu anafundishwa kuikabili hofu yake hatua kwa hatua badala ya kuikimbia. Zipo dawa kama sertralini. Zinachukua wiki kadhaa kuanza kazi, na zina maudhi yake, lakini hazifuti siku ya mtu namna hii. Kisha punguza kahawa, na mirungi acha kabisa (najua kuna vijana hapa watanuna). Moyo unaenda mbio kwa mirungi, halafu unatafuta kidonge cha kuutuliza?

Ukiandikiwa Valium, usitoke chumbani kwa daktari kabla hujamuuliza mawili: naimeza siku ngapi, na nitaiachaje?