Itatibu nini?

Sisi waandishi wa habari tuna swali moja tunalolipenda mno. Mwanasayansi akifungua mdomo tu, tunamrushia: "Sasa hii itatibu nini?" Asipokuwa na jibu la haraka, habari yake inaishia kapuni. Mimi naona swali hili likitangulia linaua mambo mengi ya maana. Ngoja nikupe mfano.

Unavijua vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi? Mwishoni mwa miaka ya 1970, kule Heidelberg, Ujerumani, watafiti wawili vijana, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, walivitumia kutafuta jeni zinazoliongoza yai mpaka liwe kiumbe chenye kichwa, kifua na tumbo. Hawakuanza na jeni fulani waliyoishuku. Waliwanywesha madume maji ya sukari yenye kemikali inayoharibu jeni ovyo ovyo, wakazalisha maelfu ya koo kutokana nao, kisha wakakaa kwenye hadubini kukagua vilivyoshindwa kuanguliwa.

Ndugu msomaji, fikiria umehamia nyumba yenye swichi chungu nzima zisizo na maandishi. Utajuaje ipi ni ya jikoni? Unazima moja, unatazama giza limeingia wapi. Ndicho walichofanya. Mwili wa buu la nzi una pingili kama muwa. Jeni moja ikiharibika, pingili kadhaa zinazofuatana zinapotea kwa mpigo. Ikiharibika nyingine, pingili moja inapotea, inayofuata inabaki, hivyo hivyo hadi mwisho. Nyingine tena ikiharibika, buu linajaa vijiba kama kalunguyeye, na jeni hiyo wakaiita hivyo hivyo kwa Kiingereza: hedgehog.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba njia hii inakuambia lini uache. Mvuvi akiona kila akitupa wavu anapata aina zile zile za samaki, anajua aina zilizobaki ni chache. Nao jeni zile zile zilipoanza kujirudia, walijua wanakaribia mwisho. Mwaka 1980 walitangaza 15 za kwanza katika jarida la Nature. Hesabu ilipokamilika zilizidi 100, wakati nzi huyo ana jeni kama 14,000. Mwaka 1995 walipata Nobel, pamoja na Edward Lewis.

Haya, ilitibu nini? Mwaka 1980, hakuna. Mwaka 1993 ndugu yake hedgehog alitangazwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo, akapewa jina la Sonic, yule wa mchezo wa video. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba jeni hiyo ikiwa na hitilafu kwa binadamu, ubongo wa mtoto unaweza kushindwa kugawanyika pande mbili. Mwaka 2012 Marekani ikaidhinisha vismodegib, dawa ya aina moja ya saratani ya ngozi, inayofanya kazi kwa kuziba njia ya hedgehog. Hesabu mwenyewe: miaka 32. Sasa yule mwandishi wa 1980 angejibiwa nini?

Wapo watakaosema huku ni kubahatisha kwa fedha za umma na roho za wanyama. Kuhusu wanyama, nawaelewa. Tangu 2011 maabara za nchi mbalimbali zimeungana kuzima jeni za panya moja baada ya nyingine, na panya si nzi. Maumivu yake lazima yaulizwe. Ila kubahatisha, nakataa. Anayebahatisha hajui amebakiza nini. Hawa walijua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkisikia mtu analipwa kuhesabu nzi, msicheke kwanza. Muulizeni anatafuta nini, na atajuaje kwamba amekimaliza. Akijibu vizuri yote mawili, mwacheni afanye kazi. Dawa itakuja kwa wakati wake.

Naomba kutoa hoja.