Nuru Katikati ya Kivuli



Katika mijadala yetu ya falsafa sisi mafrateri tuna silaha moja tunayoipenda kupita kiasi: tunaifuata hoja ya mwenzetu mpaka ifike kwenye upuuzi, ukumbi unacheka, mjadala umekwisha. Huko Paris, mtu aliyetuzidi sana akili alifanya hivyohivyo, na inafaa tujue yaliyompata.

Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilikuwa imetangaza shindano kuhusu tabia ya mwanga. Mwaka 1818 Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara na madaraja, alileta andiko akidai kwamba mwanga ni mawimbi. Siméon Denis Poisson, mmoja wa waamuzi, alishikilia kwamba ni chembechembe. Akazichukua hesabu za Fresnel, akazipiga mpaka mwisho, akakuta kwamba kama ni za kweli, basi kitu cha mviringo kikiwekwa mbele ya taa, katikati kabisa ya kivuli chake patakuwa na nukta inayong'aa. Upuuzi mtupu! François Arago, mwamuzi mwenzake, hakuishia hapo. Alichukua kisahani cha madini chenye upana wa milimita 2, akakiweka mbele ya mwanga, akatazama. Nukta ilikuwepo. Mwaka 1819 Fresnel akapewa tuzo.

Mwanga unaopita ukingoni mwa kisahani hupinda kidogo na kuingia kivulini. Kwa kuwa ukingo wote uko umbali sawa na kitovu cha kivuli, mawimbi hufika pale yakiwa yamepatana, kilele juu ya kilele, yakatiana nguvu. Sogea pembeni kidogo tu: mengine yanafika na kilele, mengine na bonde, nayo yanafutana. Ndiyo maana pete za giza na za mwanga hupishana kukizunguka kitovu. Nishati haipotei, iliyokosekana kwenye pete ya giza imekwenda kwenye pete angavu.

Kwamba mwanga ukiongezwa juu ya mwanga waweza kuleta giza, aliliandika padre Mjesuiti, Francesco Maria Grimaldi wa Bologna, katika kitabu kilichotoka mwaka 1665, miaka miwili baada ya kifo chake. Tunamtaja kwa sababu tukienda likizo, vijana wa sekondari parokiani hutuuliza kama Kanisa linaogopa fizikia, nasi twawajibu harakaharaka kwamba hayo ni mafumbo. Si mafumbo. Fumbo la imani halikuwekwa kuziba pengo la kutosoma. Na wahubiri watuwie radhi: pete hizi zisifanywe mfano wa homilia kabla hazijaeleweka.

Kwa maoni yetu Poisson anastahili heshima kuliko dhihaka. Alizifanya hesabu za mpinzani wake kwa uaminifu, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Tunapendekeza kwa walezi na kwa wenzetu kwamba katika mjadala kila mmoja aanze kwa kuieleza hoja ya mpinzani mpaka mwenye hoja akubali, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema," ndipo aishambulie. Na hoja inapogusa vitu vinavyoonekana, tukaangalie. Kwa hili la nukta, zinatosha taa ndogo ya leza, lenzi ya kuutanua mwanga wake, gololi ya baiskeli iliyogundishwa kwenye kipande cha kioo, na darasa letu lililofungwa madirisha.