Anza na Waya
Inaniuma kuona printa nzima ya zamani ikitupwa kwa sababu ya pini moja iliyopinda. Kwa mwenye steshenari ndogo hapa Dodoma, mashine hiyo ndiyo ada ya watoto. Ikigoma, fundi asikimbilie kuifungua. Aanze na ule waya mnene, wenye pini 25 upande wa kompyuta na plagi ya miguso 36 upande wa printa. Azime kompyuta na printa kwanza, maana waya huu si USB ya kuchomoa umeme ukiwaka. Anyooshe pini, apulize vumbi (kiangazi chetu hulijaza kila tundu), akaze skrubu, ajaribu waya mwingine mfupi. Bado kimya? Ndipo aangalie kama kompyuta inapeleka kazi kwenye mlango wa waya huo, LPT1.